Vipimo Tisa Vilivyokataliwa

Binti mmoja wa ile maabara nilikofanya kazi aliniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya vipimo. "Mzee, andika chochote unachokumbuka," akasema, "kurasa mbili tatu." Chochote! Mtu amekaa na namba miaka yote ile, halafu anaambiwa aandike chochote. Basi nitaandika, lakini nawaambia mapema kwamba sikuja kuwasifia kazi. Ni kazi nzuri, ina upweke mwingi, na kuna mara moja niliifanya vibaya na mpaka leo hainitoki.

Ninyi mnagusa kioo kwa kidole na mchoro unajichora wenyewe. Sisi tulikuwa na dirisha jeusi. Unawasha mashine, inaguna, kisha pembeni kinatokea kimstari kinachopepesa, kinakungoja. Hakikuonyeshi picha wala hakikuulizi unataka nini. Ukilijua neno la kukiambia, kazi inafanyika. Usipolijua, mtatazamana mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Programu yangu iliitwa LISSA. Ilinifikia kwa disketi iliyopita mikononi mwa watu wengi hadi kibandiko chake kilikuwa hakisomeki. Ilikuwa ya kujaribu kwanza: unaitumia, ukiona inakufaa unamtumia aliyeiandika malipo yake, naye anakupa namba ya kuifungua kabisa. Usipolipa inafanya kazi ile ile, ila kila ukiiita inaandika kwanza kwa Kifaransa: "Mtu mmoja aliandika hii. Kama inakusaidia, msaidie." Halafu inakungojesha sekunde ishirini ili usome vizuri na uone haya.

Nilitaka kulipa, wallahi. Nilikwenda benki, nikawaeleza kwamba nataka kutuma hela kidogo sana Ulaya, kwa mtu nisiyemjua, kwa ajili ya kitu ambacho tayari ninacho. Walinitazama kama mgonjwa. Nikaandika barua badala yake. Miezi ikapita, nikasahau, kisha siku moja jibu likaja, karatasi moja ya mkono: "Itumie kwa amani. Niambie tu unapima nini. Na usisahau /rejet. Hakuna anayeitumia."

Hiyo /rejet ilikuwa neno la kuongeza mwisho wa amri. Ukiliandika, LISSA anakuorodheshea vipimo vyote alivyovikataa, kimoja kimoja. Nilimjibu yule bwana kwamba napima samaki wadogo. Hakuandika tena. Na /rejet sikuitumia, maana nilisema moyoni, kilichokataliwa kimekataliwa, cha nini tena?

Chumba changu kilikuwa nyuma kabisa, karibu na tangi la maji, na viti viwili. Kiti cha pili kilikaliwa na makaratasi. Wenzangu walikuwa watu wa nje, wa ziwani na mashambani, wanarudi wamechomwa na jua wakiwa na hadithi. Mimi nilipokea namba zao. Mjini humu hakukuwa na mtu mwingine aliyeijua programu ile, kwa hiyo nikikwama nakwama peke yangu, na nikifaulu hakuna anayeelewa nimefaulu nini. Zile sekunde ishirini za asubuhi nilizoea kumwamkia: "Lissa, umeamkaje?" Chekeni tu. Wenzangu walicheka kabla yenu. Wakipita mlangoni wanauliza, "Baba Shabani, bibi yako ya pili amelamuka?" Mke wangu alisikia habari hizo akasema angalau huyu hadai kitenge.

Makosa madogo nilifanya mengi. LISSA alitaka nukta pale ambapo sisi, kwa shule yetu ya Kifaransa, tunaweka mkato. Ukimwandikia joto la 28,6 yeye anaona namba mbili, ishirini na nane na sita, kila moja katika safu yake, na ile sita inaangukia safu ya unyevu. Wiki nzima nilipeleka jedwali linaloonyesha kwamba Bujumbura, mji wa ziwa, ina hewa kavu ya unyevu wa sita kwa mia. Shefu, mkuu wangu wa kazi, akalisoma, akajifuta jasho shingoni, akanirudishia. Makosa ya namna hiyo hayana madhara. Namba ya kijinga inajionyesha yenyewe kwamba ni ya kijinga.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Gaspari, fundi wa mizani, mtu wa maneno machache na vidole vinene ambavyo hungeamini vinaweza kushika skrubu ndogo kama ile. Alinionya: kabla ya kupima, pima kitu unachokijua. Alikuwa na jiwe lake mfukoni la gramu mia mbili na kumi, kila mizani aliikaribisha kwa jiwe hilo. Na alinionya jambo la pili, nililolipenda sana nikawa nalirudia kwa watu, ila kulifuata ndiko kulikonishinda. "Namba ikikushangaza ni mugeni," alisema. "Mupe kiti kwanza. Muulize ametoka wapi. Kufukuza utafukuza kisha."

Sasa niwaambie habari ya Mama Neema.

Ofisi yetu ilitaka kujua kama ndagala zinakauka vizuri zaidi juu ya vichanja vya waya kuliko chini mchangani. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, mnazijua, hakuna nyumba mjini humu isiyozijua. Wanawake wa Kajaga walikuwa wakizianika mchangani, kwa hiyo ukizila unatafuna na ufuo kidogo. Kama vichanja vingeonekana kuwa bora, kikundi chao kingepewa waya na mbao, na mmoja wao angechukuliwa kuwa mpimaji wa kudumu. Mama Neema ndiye aliyekuwa amechaguliwa. Alikuwa mama wa upande wa Uvira, anaishi Gatumba na binti yake, ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Nikipata ile kazi, Neema atamaliza masomo."

Mara hiyo moja walinitoa chumbani kwangu, nikaenda ufuoni Kajaga siku tatu. Mimi nilipima ndagala za mchangani, yeye akapima za kwenye kichanja. Kila saa unabeba sinia, unaiweka kwenye mizani chini ya kibanda, unaandika kwenye kaye, yaani daftari, unairudisha juani. Samaki anapokauka uzito unashuka: mwanzoni haraka, baadaye polepole, mwisho unatulia. Nilikuwa nimezoea kukaa kimya, nikakaa kimya. Siku tatu tumeketi hatua kumi kati yetu, nadhani nilimwambia maneno ishirini, na mengi yalikuwa ya kuuliza saa ngapi.

Niliporudi, nikaingiza namba zake na zangu. Kwa kuwa samaki anayekauka hawezi kuongezeka uzito, LISSA alikuwa na neno la kufaa, /baisse: kubali kinachoshuka tu, kataa kinachopanda. Namba zangu zilipita zote. Kwa Mama Neema mashine ikaandika: vipimo ishirini na sita, vimekataliwa tisa. Na vile vilivyobaki vilionyesha kwamba ndagala za kichanjani zilibaki nzito, yaani mbichi, kuliko zangu za mchangani. Nikafungua kaye yake, nikatazama sehemu mbili. Kweli, siku ya tatu, saa za jua kali, uzito unapanda.

Nikampelekea shefu. Hakufikiri sana. "Anamwagia maji," akasema. Mnajua ule mchezo wa wauzaji, kunyunyizia maji ili samaki awe mzito kwenye mizani. "Andika hivyo, tufunge hii kazi."

Wageni tisa mlangoni, na hata mmoja sikumpa kiti. Niliandika. Kwa mkono wangu, kwa Kifaransa safi, na jina lake kamili: mpimaji wa sinia ya kichanja si wa kuaminika, inaelekea anaongeza maji. Vichanja havikununuliwa. Nikatumwa Kajaga kumwambia.

Nilimkuta akifuta mizani yetu kwa kitambaa, maana alikuwa akiitunza kama yake. Nikamwambia kazi imekwisha. Nikamuuliza kama aliweka maji.

"Apana," akasema. "Sikuweka maji."

"Basi uzito umepanda namna gani?"

Alinitazama. Nadhani alikuwa akimtafuta ndani yangu yule mtu wa siku tatu za ufuoni, aone kama ana sura ya kuelezwa jambo. Kisha akanikabidhi kaye kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu, akasema, "Weye umekwisha kuamua, Baba Shabani. Enda salama." Nikaenda, na njiani nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi yake.

Miaka ikapita, mingi kuliko ninavyopenda kuihesabu. Mashine mpya zikaja, zile nyeusi zikawekwa uani zisubiri mtu wa chuma chakavu. Siku ya kustaafu nilipewa saa ya ukutani, nikaomba na mashine yangu. Waliniachia kwa furaha. Gaspari alikuwa amekwisha kufa. Kisha mke wangu akafa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watoto wako mbali, wananipigia simu Ijumaa, wananiuliza kama nimekula, nami nasema nimekula.

Wanangu, sitawadanganya. Nyumba yangu ya Buyenzi ina vyumba vitatu na mimi nakaa katika kimoja. Alasiri ni ndefu. Nikawa nawasha ile mashine bila sababu, nisikie tu kitu kinaanza. "Mtu mmoja aliandika hii. Kama inakusaidia, msaidie." Sekunde ishirini. Nilizipenda zile sekunde kuliko saa nyingine zote za siku, kwa sababu kulikuwa na mtu anataka ningoje.

Alasiri moja, kwa kukosa la kufanya, nikaita faili la sinia ya Mama Neema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaandika /rejet.

Ikaorodhesha tisa. Mbele ya kila kimoja iliandika kimepanda kiasi gani juu ya kilichotangulia. Gramu arobaini na tatu. Arobaini na moja. Arobaini na nne. Arobaini na tatu. Arobaini na mbili. Tisa zote hivyo, hakuna iliyofika hamsini, hakuna iliyoshuka chini ya arobaini.

Nilisimama. Mtu akinyunyizia maji, mara anamwaga mengi, mara machache. Hakuna anayenyunyiza sawasawa mara tisa. Nikaenda jikoni, nikatia mkono katika mkebe wa ndagala, nikafumba konzi moja, nikaiweka kwenye mizani ya unga: hamsini na nane. Mkono wangu ni mkubwa. Mkono mdogo wa mwanamke ungekuja pale pale, arobaini na kitu.

Kumbe alikuwa akiweka ndagala. Konzi moja kila saa, tangu saa ya kwanza. Mwanzoni konzi ile ilifichwa na maji yaliyokuwa yakitoka kwa samaki, na samaki walipokwisha kukauka ikaanza kuonekana. Nikachukua kalamu, nikatoa konzi moja katika kipimo chake cha kwanza, mbili katika cha pili, hadi ishirini na sita katika cha mwisho. Uzito ukashuka vizuri, ukatulia, na ukatulia mapema kuliko wangu. Kichanja kilikuwa bora. Kilikuwa bora sana.

Niliwahi kusikia majuto ni mjukuu, lakini sikujua mjukuu huyo anaweza kuja kukaa nawe nyumbani, mkatazamana.

Nikaenda kumtafuta. Gatumba, pale alipokuwa akiishi, maji yalikuwa yamepanda na watu wakatawanyika, na hata mti wa kuniongoza sikuuona. Nikaenda Kajaga. Nikauliza Mama Neema kwa huyu na kwa yule, hakuna anayemjua. Mwishowe bibi mmoja aliyekuwa akichambua samaki akaniangalia. "Yule alikuwa anapima ku mizani ya serikali? Unasema Mama Maji?"

"Mama nani?"

"Mama Maji. Walimufukuza juu ya kumwangia samaki maji. Hata watoto walikuwa wanamuita vile. Iko Gasenyi sasa, kwa binti yake."

Sikumwambia yule bibi mimi ni nani.

Gasenyi nilimkuta mbele ya nyumba, na meza ndogo, mizani ndogo na karai la ndagala. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Umezeeka, Baba Shabani."

"Na wewe, Mama Neema."

"Mi nilikuwa na sababu. Weye ulikuwa unakaa mu kivuli."

Akanisogezea kiti. Nikakaa, nikamuuliza lile swali, miaka yote ile imechelewa: "Wakati ule kwenye mizani, ulikuwa unaongeza ndagala?"

"Ndiyo."

"Za wapi?"

"Zangu. Zilikuwa mu kitunga, zimekwisha kukauka."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza maji," akasema. "Ungeniuliza ndagala, ningekujibu ndagala."

Akaendelea, huku anachambua, hanitazami.

"Mutu amekuachia samaki yake. Kila saa unapima, kila saa inapunguka. Mi nilijua ni jua. Lakini weye ulikuwa unaandika tu, hauongei. Nikasema, huyu atafikiri namukulia samaki. Nikawa naweka matabishi kidogo, heshima isianguke."

Matabishi ni ile nyongeza, konzi ya juu ambayo muuzaji mwenye adabu anakutilia baada ya mizani. Sote tumekua nayo. Mama yangu alikuwa hanunui kwa mtu asiyeitia. Mimi, mtoto wa Buyenzi, niliiona mara tisa katika kaye nikaiita wizi.

"Ungesema basi, mama."

"Matabishi haisemwi. Ukisema, si matabishi tena."

Nikamwomba msamaha. Nilisema, "Nisamehe, Mama Neema, nilikukosea."

"Mi nilikusamehe zamani," akasema. "Nilichoka kukubeba. Lakini ile karatasi uliandika, iko na jina yangu?"

"Iko nalo."

"Basi karatasi haijanisamehe. Enda uiongeleshe."

Nikanunua ndagala nusu kilo, maana mtu hawezi kuondoka mbele ya meza ya mtu hivi hivi. Alipima, akafunga, akanipa kwa mikono miwili.

Kutoka Gasenyi nilikwenda moja kwa moja ofisini na mfuko wangu wa samaki. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Alitafuta, akanieleza kwamba ripoti za zamani zilihamishwa, nyingine zilinyeshewa, na kwamba hata ikipatikana hairekebishwi, imeshafungwa. "Lakini mzee," akasema, "nani ataisoma?" Nikamwambia Kajaga nzima imeisoma, tena bila kujua Kifaransa. Hakuelewa, na si kosa lake. Ndiyo maana binti wa maabara aliponiomba kurasa hizi nilikubali haraka vile. Karatasi ya kusahihisha ni hii. Mama Neema hakuweka maji. Aliweka ndagala zake mwenyewe, konzi ishirini na sita, na aliyekosea kipimo ni mimi.

Ninyi mna programu zinazokataa namba maelfu bila hata kuwaambia. Tafuteni ilipo /rejet ya kwenu, kila programu inayo mahali. Isomeni. Halafu, kabla ya kuandika jina la mtu, nendeni mkakae naye. Kuuliza si ujinga, lakini mtu aulizwe kwa swali lisilo na jibu lako ndani yake. Na mkikaa na mtu siku tatu ufuoni, zungumzeni naye, hata habari za watoto. Mimi sikujua kuzungumza, na mwingine ndiye aliyelipia.

Siku ile nilifika nyumbani jua likiwa bado juu. Niliuweka mfuko wa Mama Neema kwenye mizani ya unga. Nusu kilo, na juu yake gramu arobaini na tatu. Alikuwa ametia matabishi, na mimi nilikuwa nimeketi pale pale mbele yake, nikimtazama, sikumwona.

Nikazipika na nyanya na pilipili, nikapakua sahani moja, nikala peke yangu. Zilikuwa na mchanga.